Balbu, betri na waya mmoja: namna ya kumfafanulia mtoto sakiti ya umeme

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la nne hapa Tanga. Alifungua tochi mbovu ya babu yake akatoa balbu na betri, akatafuta kipande cha waya, akakigusisha kwenye kichwa cha betri na mwisho wa pili akaugusisha kwenye balbu. Haikuwaka. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia umeme unatoka kwenye betri unakwenda kwenye balbu. Akasema, "Sasa mbona hauendi? Na mbona redio ina waya mmoja tu na inaimba?" Nikakosa la kujibu, maana fizikia niliiacha kidato cha pili. Nimweleze vipi aelewe? Na je, nimwache aendelee na vitu hivi au nimzuie kabla hajajiumiza?

Jibu: Marahaba mama. Usimzuie. Ulimpa jibu, akalilinganisha na kilichokuwa mezani, akaona haviendani, akarudi kukuuliza. Wanafunzi wa sekondari wanaofanya hivyo wenyewe bila kusukumwa si wengi. Na ana haki ya kushangaa: kama umeme ungekuwa unatoka tu kwenye betri na kuishia kwenye balbu, waya wake ungetosha kabisa. Kosa liko kwenye ile sentensi ambayo sote tumeizoea.

Umeme hauendi kwenye balbu. Unapita ndani ya balbu, kisha unarudi ulikotoka. Unaanzia ncha moja ya betri, unapita kwenye waya, unaingia balbu upande mmoja na kutokea upande wa pili, unafika ncha nyingine ya betri, unapita ndani ya betri yenyewe na kuendelea kuzunguka. Njia hiyo iliyofunga ndiyo inayoitwa sakiti. Ikikatika popote, hata mbali kabisa na balbu, umeme unasimama kote kwa mara moja. Kijana wako alitengeneza nusu ya njia.

Lakini ningekushauri usimwambie hivyo leo. Mpe betri moja, balbu moja na kile kile kipande cha waya, umwambie kwamba vitu hivyo vitatu vinatosha kuwasha taa bila kuongeza kingine. Kisha mwache ahangaike. Mpe na daftari achore kila namna aliyojaribu, iliyowaka na isiyowaka, kwa sababu michoro ile ya kushindwa itamsaidia kuliko maelezo yangu yote.

Akichoka, chukueni balbu muiangalie mkiwa karibu na dirisha. Ndani ya kioo mna vijiti viwili vyembamba vya chuma, na juu yake umefungwa uzi mwembamba kuliko unywele. Uzi huo ni wa tungsteni, metali ambayo haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 3,422 za Selsiasi, ndiyo maana inaweza kupata joto la kung'aa bila kudondoka. Sasa muulize: vile vijiti viwili vinaishia wapi? Geuzeni balbu. Chini kabisa kuna kitone cha risasi. Kijiti cha kwanza kimeshuka mpaka pale. Cha pili hakikufika chini, kimechomelewa pembeni kwenye shingo ya chuma. Na kati ya kitone na shingo kuna pete ndogo nyeusi ambayo haipitishi umeme. Pete hiyo watu huipita bila kuiona, nayo ndiyo inayomfundisha mtoto kila kitu: balbu ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na walioitengeneza wamehakikisha milango hiyo haigusani.

Akishaona hilo, mengi hujifungua yenyewe. Betri nayo ina milango miwili: kichwa chenye kinundu, ambacho ni chanya, na kitako bapa, ambacho ni hasi. Ubavu hauhesabiki. Basi asimamishe balbu juu ya kinundu ili kitone cha risasi kiguse hapo, kisha waya utoke kwenye kitako cha betri na kupanda mpaka kwenye shingo ya balbu. Itawaka. Akiigeuza betri juu chini, itawaka vilevile. Akiilaza balbu ili shingo ndiyo iguse betri na waya uende kwenye kitone, itawaka pia, na hapo napo anaweza kuigeuza betri. Namna ziko nne jumla. Mwache azitafute zote, usimtajie idadi mpaka aseme amemaliza.

Kuhusu redio, jibu lake liko ndani ya waya. Chomoa kabisa waya wa kifaa kilichokufa, kisichotumika tena, uukate katikati kwa mkasi au koleo na umwonyeshe. Kwa nje ni waya mmoja, kwa ndani mna nyuzi mbili za shaba, kila moja na ganda lake, wa kwenda na wa kurudi. Kwenye vifaa kama pasi na jiko la umeme atakuta tatu: kahawia, bluu, na ule wenye rangi ya kijani na manjano. Kahawia na bluu ndio njia ya umeme. Wa kijani na manjano ni waya wa ardhi, kazi yake ni kuwalinda watu iwapo mwili wa chuma wa kifaa umeshika umeme. Ukishamwonyesha, funga ile plagi kwenye mfuko na uitupe. Plagi yenye waya uliokatwa ikibaki ndani ya nyumba yenye watoto, siku moja itachomekwa.

Kuna jambo moja ambalo nataka ulijue kabla hamjaenda mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Roger Osborne wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, aliwahoji watoto kuhusu balbu na betri, akakuta mawazo yao yanaangukia mafungu machache. Wapo wanaodhani waya mmoja unatosha. Wapo wanaodhani umeme unatoka ncha zote mbili za betri na kugongana ndani ya balbu, na kule kugongana ndiko kunatoa mwanga. Wapo wanaokubali kwamba umeme unazunguka, ila wanaamini balbu inakula sehemu yake, kwa hiyo unaorudi ni mchache kuliko uliokwenda. Na wapo wachache wanaosema unaokwenda ndio unaorudi, wote. Hao wachache ndio wenye jibu sahihi. Watafiti wa nchi nyingine waliofuata wamekuta mawazo yale yale, na mimi nimeyakuta darasani.

Fungu la tatu ndilo gumu. Mwanao atatoka fungu la kwanza jioni hii hii, lakini atahamia la tatu, kwa sababu linaonekana ni la akili kabisa: betri inaisha, kwa hiyo kuna kitu kinaliwa, na mlaji ni balbu. Ukimwambia si hivyo atakuitikia tu kwa heshima. Afadhali balbu zenyewe zimwambie.

Tafuta balbu mbili za tochi zinazofanana na betri mbili. Zipange betri kwa kufuatana, kichwa cha moja kiguse kitako cha nyingine, uzifunge kwa karatasi na selotepu zisiteleze. Kisha unganisheni balbu zote mbili kwenye njia moja, umeme upite ya kwanza, halafu ya pili, halafu urudi. Kabla hajaufunga mzunguko muulize: ipi itawaka zaidi? Kama anaamini balbu inakula umeme, atasema ya kwanza itapata mwingi na ya pili itapata makombo. Akifunga ataona zote zimefifia kuliko balbu moja inavyowaka peke yake kwa betri hizo mbili, lakini zimefifia sawasawa.

Hapo huwa kuna kikwazo, na nakitaja kwa sababu kimewavuruga walimu wengi. Balbu za dukani mara nyingi hazifanani sana hata zikitoka boksi moja, na unaweza kukuta moja inawaka kidogo kuliko mwenzake. Mtoto atakurukia: "Si nilisema!" Usibishane naye. Mwambie azibadilishe nafasi, ya kwanza iwe ya pili. Kama kweli nafasi ndiyo inayonyima, basi sasa ile iliyokuwa dhaifu itapata nguvu. Haitapata. Balbu dhaifu itabaki dhaifu popote utakapoiweka, na hapo atajua mwenyewe kwamba tofauti ni ya balbu, si ya umeme kupungua njiani. Dakika hizo mbili za kubadilisha nafasi zina uzito kuliko ukurasa mzima wa kitabu.

Ukimaliza hapo ndipo umpe picha ya kumsaidia kushika jambo zima kichwani. Wengi hutumia maji ya bomba. Mimi siyatumii kwa watoto wadogo, kwa sababu maji wanayoyajua wao hufunguliwa, yakamwagika ndooni, yakaisha, yaani yale yale tunayotaka wayaache. Pindua baiskeli, viti chini, magurudumu juu. Mwambie azungushe pedali kwa mkono. Mnyororo unazunguka, gurudumu la nyuma linazunguka. Muulize: pingili za mnyororo zinazofika kwenye gurudumu ni nyingi kuliko zinazoondoka? Kuna pingili iliyoliwa? Hakuna. Gurudumu lilingoja mpaka pingili iliyokuwa kwenye pedali ifike? Halikungoja, mnyororo wote ulisogea kwa pamoja kwa sababu pingili zilikuwa zimejaa njia nzima tangu mwanzo. Sasa mkono wake umechoka? Ndiyo. Basi mkono ndio betri, gurudumu ndilo balbu, na mnyororo ndio mkondo wa umeme. Kinachotumika ni nguvu ya mkono. Mnyororo uko pale pale, wote. Na ukikatika mahali pamoja tu, pedali utazungusha mpaka jioni na gurudumu halitasogea.

Pingili halisi ndani ya waya zinaitwa elektroni, chembe ndogo mno ambazo J. J. Thomson alizitambua huko Cambridge mwaka 1897. Zimejaa ndani ya shaba hata waya ukiwa sakafuni haujaunganishwa na chochote. Betri haizitengenezi, inazisukuma tu. Na zinakwenda polepole kuliko watu wanavyodhani. Katika waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita mraba, mkondo wa tochi wa ampea 0.3 (ampea ni kipimo cha mkondo) husogeza elektroni sentimita 16 hivi kwa saa nzima. Kobe angezipita. Taa inawaka papo hapo kwa sababu zote zinasogea kwa pamoja, si kwa sababu kuna moja iliyokimbia kutoka kwenye betri. Siyo lazima kumwambia haya mtoto wa miaka 9, lakini wako anaonekana atauliza, kwa hiyo uwe nayo mkononi.

Basi ni nini kinachoisha kwenye betri? Zile betri za kawaida za bei nafuu zina kopo la zinki ndani ya ganda lao, na katikati kuna kijiti cha kaboni, kile cheusi ambacho watoto wa zamani tulikuwa tukichorea sakafu. Nguvu ya kusukuma inatokana na zinki kuliwa polepole na kemikali zilizomo. Zinki ikishatumika vya kutosha, msukumo unakwisha. Ndiyo maana betri iliyosahauliwa ndani ya redio huvuja: kopo lenyewe limetoboka kwa kuliwa. Na ile nguvu imekwenda wapi? Asogeze kiganja karibu na balbu ya uzi iliyowaka muda. Ina joto. Sehemu kubwa ya nguvu, zaidi ya asilimia 90, inatoka kama joto na kidogo tu kama mwanga. Taa za LED zimeshinda soko kwa sababu hiyo.

Nimesema balbu ya uzi, na hapa huenda ukapata shida, kwa kuwa tochi nyingi za sasa hazina balbu hizo tena. Kama ya babu yake imeungua, ulizia maduka ya vifaa vya umeme au kwa mafundi redio, wengi bado wanazo za volti 2.5. Ukikosa kabisa, tumia kitaa cheupe cha LED kutoka tochi iliyoharibika, lakini ujue tabia zake mbili. Kwanza, kinahitaji volti 3 hivi, kwa hiyo betri moja ya volti 1.5 haitakiwasha, ziwe mbili mpya kwa kufuatana. Pili, kinakubali umeme upande mmoja tu. Kisipowaka, geuza miguu yake. Kikiwa kipya, mguu mrefu ndio unaokwenda upande wa chanya. Kwa somo la kwanza napendelea balbu ya uzi, kwa sababu njia yake inaonekana kwa macho, ilhali ya LED imefichwa.

Akishazoea kufunga mzunguko, mwache akate waya mahali pamoja na kuweka vitu mbalimbali katikati ya pengo: ufunguo, sarafu, kijiko, rula ya plastiki, karatasi, kandambili, kijiti, penseli iliyochongwa pande zote mbili. Atagundua kwamba metali zote zinapitisha, na atashangaa kwamba ile risasi nyeusi ya penseli nayo inapitisha kidogo ingawa si metali. Atakuta pia vitu vinavyomdanganya, kama msumari wenye rangi au waya mwembamba wa mota, unaong'aa kama shaba tupu kumbe umepakwa vanishi. Aukwangue kwa kisu kisicho kikali, ndipo utapitisha.

Ila kuna kitu kimoja lazima usimame naye mwenyewe. Akijaribu maji ya kunywa kwenye pengo lile, balbu haitawaka, na ataandika daftarini kwamba maji hayapitishi umeme. Hitimisho hilo linaweza kumuua siku moja. Maji yanapitisha, ila yanapitisha kidogo, na kidogo hicho hakitoshi kuwasha balbu ya tochi kwa betri mbili. Kwa umeme wa ukutani kidogo hicho kinatosha kabisa kumwangusha mtu mzima. Mwambie wazi kwamba kipimo chake cha balbu kinajua tu vitu vinavyopitisha umeme mwingi.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili, la usalama. Betri ya tochi ina volti 1.5. Umeme wa TANESCO ukutani ni volti 230, na wenzetu wa Kenya wanatumia 240. Volti ndiyo kipimo cha msukumo. Kuupata msukumo wa ukutani kwa betri kubwa za tochi ungehitaji kupanga 153 kwa mstari, na mstari huo ungekuwa na urefu wa zaidi ya mita 9, kutoka sebuleni mpaka nje kwenye mti. Mchoreeni mstari huo uani kwa chaki. Watoto wanaelewa urefu vizuri kuliko tarakimu. Na usiache kumwambia kwamba mstari huo wa betri, kama mtu angeupanga kweli, ungeua sawasawa na ukuta. Kwa michezo ya nyumbani mwisho wake ni betri nne.

Mwili wa mtu nao ni sehemu ya njia ukiuingiza kwenye sakiti. Ngozi kavu inazuia sana, ngozi iliyolowa inazuia kidogo tu. Chukua ngozi iliyolowa yenye ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia umeme, wa omu 1,000 (omu ndiyo kipimo chake): betri moja itapitisha ampea 0.0015, ambayo mtu huenda asiihisi, au ahisi msisimko kidogo. Ukuta utapitisha ampea 0.23. Vile vifaa vya kinga vinavyofungwa kwenye nyumba za kisasa ili vikate umeme unapovujia ardhini vimewekwa vikate kwenye ampea 0.03, kwa sababu juu ya hapo moyo uko hatarini. Linganisha hizo namba mbili uone kwa nini betri ni mwalimu mzuri na ukuta si mwalimu wa mtu yeyote.

Sasa sikiliza vizuri hili, mama, kwa sababu somo letu lenyewe linaweza kugeuka mtego. Tumemfundisha kwamba waya mmoja hautoshi, lazima njia ifunge. Mtoto mwerevu atasema: basi nikigusa waya mmoja tu wa ukutani, sitadhurika. Atadhurika. Kule kwenye transfoma waya mmojawapo wa mfumo umefungwa ardhini, kwa hiyo ardhi anayoisimamia ndiyo njia ya kurudi. Mkono umeshika waya, miguu iko sakafuni, mzunguko umeshafunga bila yeye kuona waya wa pili.

Mtolee mfano wa ndege. Kunguru anatua kwenye waya wa nguzo, anajikuna, anaruka zake. Miguu yote miwili iko kwenye waya ule ule, mwili wake haujaunganisha sehemu mbili zenye msukumo tofauti, kwa hiyo umeme hauna sababu ya kupita ndani yake. Lakini huko Diani, pwani ya Kenya, mbega wanaoruka kutoka mti hadi mti hutumia nyaya za umeme kama matawi, na kwa kuwa mwili wao ni mkubwa na mikono mirefu, hugusa nyaya mbili kwa pamoja na kufa au kubaki na majeraha mabaya. Wahifadhi wa huko wamelazimika kukata matawi yaliyokaribia nyaya, kuvika baadhi ya nyaya kihami na kuwatundikia wanyama hao madaraja ya kamba juu ya barabara. Kunguru ni salama na mbega si salama, na sababu ni ile ile ya balbu yake mezani: njia imefunga au haikufunga. Hapo ndipo umkataze kurusha tiara karibu na nguzo, na kuangua embe kwa ngoeko ya chuma au mti mbichi kwenye mwembe uliopitiwa na nyaya. Akishaelewa sababu, katazo lako atalibeba hata ukiwa hupo.

Kwa betri nako kuna mipaka. Waya usiunganishwe moja kwa moja kutoka kichwa mpaka kitako bila balbu katikati. Hiyo ndiyo shoti. Njia haina kizuizi, mkondo unakuwa mkubwa, waya na betri vinapata moto na vidole vinaungua. Akifanya hivyo kwa betri ya tochi ataachia haraka na atakuwa amejifunza. Akifanya kwa betri ya simu, nyumba inaweza kuungua, kwa sababu betri za lithiamu zikipigwa shoti au kutobolewa huweza kulipuka moto. Betri ya gari, ya pikipiki au ya sola ina volti 12 tu na haimpigi mtu, na hilo huwadanganya wengi. Inaweza kutoa mamia ya ampea: spana ikilala kwenye ncha zake mbili inakuwa nyekundu. Hizo zote zikae mbali naye.

Kama ana mdogo wake, basi hatari kubwa kuliko zote ndani ya nyumba yako si waya wala ukuta. Ni zile betri bapa kama sarafu za saa, rimoti na vinyago vinavyolia. Mtoto mdogo akimeza ikakwama kooni, inaanza kuunguza nyama za koromeo, na ndani ya saa 2 madhara yanaweza kuwa makubwa sana. Ukishuku tu kwamba amemeza, usisubiri dalili, mkimbize hospitali.

Na pasifunguliwe kabisa televisheni za zamani zenye kisogo kikubwa, wala maikrowevu, hata kama zimechomolewa. Ndani yake umeme hubaki umehifadhiwa muda baada ya kuchomoa, na ni umeme wa volti nyingi.

Utasikia pia habari za betri za malimau, na huenda ameshaziona kwenye simu ya mjomba. Ni kweli, na inapendeza kufanya. Chukua msumari wa bati, ule wa kuezekea, ambao umepakwa zinki, na kipande cha waya mnene wa shaba uliomenywa. Vichomekwe kwenye limau visigusane. Utapata msukumo unaokaribia volti 1. Unganisha malimau matatu au manne kwa kufuatana, shaba ya moja kwenye msumari wa jirani, na kitaa chekundu cha LED kitawaka kwa mwanga hafifu gizani. Mzee Alessandro Volta, ambaye volti imepewa jina lake, alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1800 huko Italia, kwa kupandanisha vipande vya zinki na vya fedha au shaba na kuweka kati yake vitambaa au karatasi ngumu zilizolowa maji ya chumvi. Ila umwambie mambo mawili. Nguvu haitoki kwenye limau, inatoka kwenye zinki inayoliwa, limau ni kama yale maji ya chumvi ya Volta. Na balbu ya tochi haitawaka, hata msukumo ukitosha, kwa sababu limau haliwezi kusukuma mkondo wa ampea 0.3. Video za limau linalochaji simu ni za uongo. Malimau hayo yakishachomekwa misumari yasiliwe.

Wiki ya pili au ya tatu, hamu ikiwa bado ipo, mpe kazi ya kufunga balbu mbili kwa namna ambayo moja ikitolewa nyingine ibaki inawaka. Kwenye mpangilio wa kwanza ukiitoa moja, zote zinazimika, kwa kuwa njia ni moja. Atahitaji kumpa kila balbu njia yake mwenyewe kutoka kwenye betri na kurudi. Huo ndio mpangilio wa sambamba, nao ndio uliotumika kwenye nyaya za nyumba yenu: taa ya jikoni inazimwa, ya chumbani inaendelea. Akiupata, zungukeni nyumbani mkitazama swichi kwa macho tu, akueleze kila moja imekaa kwenye njia ya taa ipi. Usimkosoe njiani. Akikosea moja ataijua mwenyewe utakapoibonyeza.

Na kwa kuwa ana mikono isiyotulia, mtafutie msumari wa chuma wa inchi 4 na mita mbili tatu za ule waya wa mota wenye vanishi. Auzungushe msumari kwa duru zilizobanana, kama 100 hivi, akwangue ncha mbili za waya, aziguse kwenye betri moja. Msumari utaokota pini na vifungio vya karatasi, na akiachia waya, nyingi zitadondoka. Asishikilie zaidi ya sekunde chache kila mara, kwa sababu waya unapata moto na betri inaisha upesi. Atakuuliza mbona waya usio na sumaku umezaa sumaku. Akifika hapo niandikie tena, ukinitajia na alichokichora daftarini.